"Uongo Huo!": Watazamaji wa Nachingwea na Ruangwa na Uhakiki wa Tamthiliya za Televisheni

UTANGULIZI

Mhakiki wa fasihi tuliyemzoea hapa chuoni ni mtu aliyekaa mezani na kitabu, penseli mkononi, akitafuta dhamira, wahusika, muundo na mtindo. Lakini yupo mhakiki mwingine ambaye hatajwi katika mihadhara yetu. Huyu hukaa kwenye benchi, kwenye mkeka au juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yake kwenye televisheni, na uhakiki wake huutoa papo hapo kwa sauti: "Aa, uongo huo bwana!" "Hapo wametupiga kamba." "Sasa huyu kaingiaje humo ndani, na mlango tumeona umefungwa?"

Makala haya yanamhusu mhakiki huyo wa pili. Nakusudia kueleza anakosoa nini, anatumia vigezo gani, na kwa nini ukosoaji wake una uzito kwetu sisi tunaojifunza kuhakiki. Mifano naichota katika wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa, ambako nimetazama tamthiliya pamoja na ndugu, majirani na wateja wa vibanda vya video. Sikutembea na dodoso. Nimesikiliza yale yanayosemwa mchezo ukiwa unaendelea na yale yanayobaki vinywani baada ya mchezo kwisha. Kwa hiyo msomaji asitarajie asilimia. Nitakachompa ni aina za hoja na mantiki iliyomo ndani yake.

Hoja yangu kuu ni hii: mtazamaji anapopiga kelele ya "uongo" haombi tamthiliya iwe nakala ya maisha. Anadai vitu viwili: tamthiliya iheshimu sababu ilizojiwekea yenyewe, na iwaheshimu watu inaodai kuwaonyesha. Madai haya mawili ni tofauti, na tukiyachanganya hatutamwelewa.

DHARAU YA TANGU ZAMANI

Dhana kwamba mtazamaji wa kijijini hawezi kufuata kisa ina historia ndefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa majaribio ya sinema za elimu, ukijulikana kwa kifupi cha BEKE, uliokuwa na makao yake Vugiri karibu na Korogwe. Filamu zake zilitembezwa kwa gari katika Tanganyika na makoloni jirani. Wataalamu wa sinema za kikoloni wa nyakati hizo, mathalani William Sellers aliyefanya kazi Nigeria, walishikilia kwamba Mwafrika apewe picha za taratibu na kisa chepesi, bila ujanja wa kamera, la sivyo atachanganyikiwa.

Baadaye kikavuma kisa ambacho Marshall McLuhan alikirudia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji wa Afrika walionyeshwa filamu ya mafunzo ya usafi. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waonyeshaji walishangaa, kwa kuwa hawakumjua kuku yeyote. Ilibidi wairudie filamu picha kwa picha ndipo wakamwona, amekatiza pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Kisa hiki kimetumika sana kuthibitisha kwamba watazamaji wale hawakujua kutazama. Mimi nakisoma vingine. Waliomwona kuku walikuwa wameona kitu kilichomponyoka mwenye filamu mwenyewe. Na hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, siyo?

Watu wa Nachingwea na Ruangwa wa leo wamerithi mazoea ya kusikiliza na kutazama yaliyokwisha kukomaa. Redio Tanzania iliwapa Pwagu na Pwaguzi. Kuanzia mwaka 1993 ikawapa Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo ulioshughulikia uzazi wa mpango na UKIMWI, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu. Vikaja vibanda vya video, vya jenereta na mikanda, ambako filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilionyeshwa na pengine kusimuliwa kwa Kiswahili. Wasimuliaji kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika nchi nzima kwenye mikanda iliyonakiliwa, hawakuwa watafsiri tu. Pale kisa kilipokatika, msimuliaji alikiunga. Pale mhusika alipofanya jambo lisiloeleweka, alimtafutia sababu. Kwa maneno mengine, mtazamaji wa kibandani alilelewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya kisa. Si ajabu leo akiliona tundu haraka.

Upande wa televisheni, Zanzibar ilianza mwaka 1973. Bara ilingoja hadi mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza, ITV kikiwa kimojawapo. Ni katika ITV ambamo kundi la Kaole lilijipatia jina mwanzoni mwa miaka ya 2000, likawatoa akina Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, ambao baadaye walikuwa nguzo za filamu za Bongo. Ving'amuzi vilipoenea baada ya uzimaji wa mitambo ya analojia ulioanza Desemba 2012, tamthiliya za mfululizo za hapa nchini, za Uturuki, Korea, Ufilipino na Uhindi zikawa chakula cha kila jioni. Na kila jioni uhakiki hufanyika.

AINA TATU ZA "UONGO"

Neno ni moja, lakini ukilisikiliza vizuri utakuta makosa yanayolengwa ni ya aina tatu.

(a) Uongo wa mambo. Huu ni pale tamthiliya inapokosea namna jambo linavyofanyika. Chukua onyesho la mkulima wa kusini anayebeba gunia la korosho begani, anampelekea tajiri chini ya mti, anahesabiwa noti, anarudi nyumbani akiimba. Hapo Ruangwa benchi zima litacheka. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kuingia katika korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, na fedha hungojwa, wakati mwingine kwa muda mrefu, mpaka ziingie benki. Anayenunua chini ya mti kwa kipimo cha bakuli ana jina lake: kangomba, na biashara yake ni haramu. Kwa hiyo mwandishi aliyetaka kuonyesha furaha ya mkulima ameonyesha, bila kujua, mkulima akivunja sheria na kupunjwa. Kosa limegeuza maana ya onyesho zima.

Mfano wa pili ni mirathi. Mara ngapi tumeona wakili akiingia sebuleni na mkoba, akachana bahasha, akasoma wosia, na papo hapo nyumba na magari yakabadili mwenyewe? Mtu aliyewahi kufuatilia mirathi Nachingwea mjini anajua safari ilivyo: kikao cha ukoo, muhtasari wa kikao, mahakama ya mwanzo, tangazo, kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na mapingamizi njiani. "Ingekuwa rahisi hivyo," atasema, "tusingeuza mbuzi kwa nauli." Ajabu ni kwamba safari hiyo halisi ina mchezo mwingi zaidi kuliko bahasha: ina ndugu wanaokataa kutia saini, ina karani, ina mtoto wa nje anayejitokeza siku ya tangazo. Mwandishi ameacha dhahabu akaokota bati.

(b) Uongo wa sababu. Hapa jambo lenyewe linawezekana, ila halikuandaliwa. Siri zote husikika kwa sababu mtu alipita dirishani. Mgonjwa anapoteza kumbukumbu na kuipata siku ileile ya harusi ya mumewe. Binti anapigwa simu kumi hapokei, ilhali katika onyesho lililotangulia simu ilikuwa mkononi mwake. Mtazamaji hapa hazungumzii Ruangwa wala Dar es Salaam, anazungumzia kisa. Anachouliza ndicho tunachokiita darasani mshikamano wa msuko. Yeye hulisema kwa njia fupi: "Imetoka wapi hii?"

Kosa hili lina chanzo chake katika uzalishaji, na ni haki tukitaje. Katika miaka ya 2000 ilikuwa desturi filamu moja ya Bongo kuuzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kisa cha saa moja na nusu kilibidi kivutwe kijaze diski mbili. Mtu anashuka garini, anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, anauliziwa soda, tena bila kukatwa. Kisha mwisho unafika mbio, na mambo yote yanafunguliwa kwa sadfa moja. Mfululizo wa televisheni una shida ya kinyume: hauruhusiwi kwisha. Wakati hadhira ingali inaupenda, lazima adui afufuke na siri mpya ipatikane. Mtazamaji huijua hali hii. Nimesikia ikielezwa hivi: "Hapa wanavuta tu, hela ya tangazo haijatosha." Huo ni uhakiki unaozingatia hata uchumi wa sanaa.

(c) Uongo wa watu. Hii ndiyo aina nzito. Mhusika anafanya jambo ambalo mtu wa namna yake, katika ukoo wa namna yake, asingelifanya hivyo. Tuitazame kwa mapana kidogo.

MJOMBA YUKO WAPI?

Kuna msuko mmoja unaorudiwa mno katika filamu na tamthiliya zetu: mume anafariki, kabla udongo haujakauka kaka zake wanafika na kumtoa mjane nyumbani. Baba mdogo ndiye adui, mjane na watoto ndio wanaoonewa. Mambo haya yapo nchini, tena sana, na kuyaonyesha ni jambo jema. Lakini yatazame ukiwa umekaa miongoni mwa Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ambao kwa desturi ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama, na ambao zamani mume ndiye aliyehamia kwa kina mke. Swali la kwanza utakalolisikia ni: "Mjomba wao yuko wapi?"

Swali hilo si dogo. Kwa desturi hizo mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake: ndoa zao, jando na unyago wao, kesi zao. Familia inayopata msiba mkubwa bila mjomba hata kutajwa ni kama mahakama isiyo na hakimu. Na likiulizwa hilo linafuata la pili: "Nyumba ipo kwa kina nani?" Kama ipo kwa kina mke, kaka wa marehemu wanamfukuza kwenda wapi?

Lazima niseme mara moja kwamba desturi hii haikubaki ilivyokuwa. Uislamu una kanuni zake za urithi, misheni zilileta mafundisho yake kuhusu familia, na kazi za mjini zimewapa akina baba nyumba na mashamba yaliyo mbali na ukoo wa mke. Leo katika msiba mmoja wa Nachingwea unaweza kumkuta mjomba, shehe na msimamizi wa mirathi wakivutana juu ya shamba moja la mikorosho. Lakini hapo ndipo penye tamthiliya! Mvutano huo ungetupatia wahusika ambao kila mmoja ana haki kiasi fulani, badala ya baba mdogo mwenye miwani myeusi anayecheka peke yake.

Kadhalika msibani watazamaji huwatafuta watani. Katika michezo mingi msiba ni watu wenye nguo nyeusi waliosimama kimya kuzunguka kaburi. Huku kwetu mtani huja kufanya fujo yake, akadai jeneza halitoki mpaka alipwe, akawachekesha wafiwa hata wasipotaka. Msiba usio na mtani huonekana kuwa wa watu wasio na jamaa. Mtazamaji anaposema "huu msiba wa uongo" anasema jambo la kina: huzuni ya kwetu haiko peke yake, imechanganyika na kicheko, na mwandishi ameikata nusu.

WANACHOSAMEHE

Sasa linganisha na yale wanayoyaacha yapite. Steringi anapigwa risasi tatu na hafi: poa tu. Mwanamke anageuka nyoka: hakuna anayesema neno, ilimradi tuliambiwa mapema kwamba ana uchawi, na uchawi huo una miiko yake. Watu wanaimba katikati ya mvua katika filamu ya Kihindi: ndiyo desturi ya fani. Mwishoni mwa mwaka 2011 televisheni ya taifa ilipoanza kuonyesha tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, Wachina waliozungumza Kiswahili sanifu hawakuonekana kuwa uongo. Tamthiliya hiyo ilipendwa nchini, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Beijing ni mbali na Ruangwa, lakini mke kijana aliyebanwa na wakwe ana sababu zinazofahamika, na kila hatua yake inazaa hatua nyingine.

Kwa hiyo kigezo hakiwezi kuwa "je, jambo hili hutokea?" Aristotle alikwisha kulisema hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita: katika sanaa, jambo lisilowezekana lakini lenye kushawishi ni bora kuliko jambo linalowezekana lakini lisiloshawishi. Hata Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa tamthiliya yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, anamtenga Kinjeketile wa jukwaani na yule wa historia ya Vita vya Majimaji. Wa jukwaani hupimwa kwa mantiki ya jukwaa.

Nachingwea yenyewe ni ushahidi kwamba lililotukia si lazima liaminike. Hebu fikiri mtu aandike mchezo huu: serikali ya nchi iliyotoka vitani inaamua kulima karanga ng'ambo kwa mamilioni ya ekari. Haifanyi majaribio ya kutosha ya udongo wala mvua. Inabadili vifaru vya vita kuwa matrekta. Inajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kuchukua karanga ambazo hazijaota. Karanga hazipatikani, mradi unaachwa mwaka 1951, na miaka michache baada ya uhuru hata reli imekwisha kung'olewa. Kibandani wangesema, "Acha fiksi wewe!" Lakini ndio Mradi wa Karanga, na wazee wanaweza kukuonyesha tuta la reli lilikopita. Ili mchezo huo uaminike, mwandishi angelazimika kutuonyesha hofu ya Waingereza ya kukosa mafuta ya kula baada ya vita, haraka ya wanasiasa wao, na dharau yao kwa mkulima mwenyeji aliyeijua ardhi. Ukweli wa tukio ulishakuwapo. Sababu ndizo ambazo sanaa ingepaswa kuzileta.

KINACHOUMA

Pengine msomaji atauliza: kama ni burudani, ya nini kukunjana mashati? Naona mambo mawili yanayoifanya hoja hii isiwe ya mzaha.

La kwanza ni sura ya mtu wa kusini. Tangu sinema ya Muhogo Mchungu ya miaka ya 1950, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, mshamba anayeingia Dar es Salaam na kubabaika ni mhusika wa kudumu wa vichekesho vyetu. Katika sura yake ya kisasa mara nyingi ni mlinzi wa getini, anapewa lafudhi ya Kimakonde iliyotiwa chumvi, anasinzia na kudanganywa na mwizi. Watu wa Nachingwea hucheka naye. Utani wanaujua kuliko sisi. Lakini baada ya kicheko husikika sauti: "Mbona kila siku ni sisi?" Hapa "uongo" hauna maana kwamba hakuna mlinzi Mmakonde. Maana yake ni kwamba kumwonyesha huyo peke yake, mwaka hata mwaka, bila mwalimu, bila daktari, bila mama mwenye shamba lake, ni kusema uongo kwa kutumia ukweli mmoja.

La pili ni elimu ya haki. Kuna onyesho tunalolijua wote: mume anasema "toka na nguo zako", mke anatoka na mfuko wa plastiki, muziki unalia. Wengine kibandani husema ndivyo ilivyo, na kwa kweli hutokea. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao pamoja, na katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mchezo ukionyesha mfuko wa plastiki mara mia bila hata mara moja kuonyesha mlango wa mahakama, mtazamaji hujifunza kwamba mlango huo haupo. Sitaki kila mchezo uwe semina. Nasema tu kwamba mke asiyejaribu chochote ni kosa la msuko pia: mtu aliyebanwa hutafuta njia, hata akishindwa.

Hata hivyo tusimpambe mno mtazamaji. Kuna "uongo" ambao ni ngao. Mchezo unapoonyesha mwalimu akimpa mimba mwanafunzi, au mtu mzima wa heshima akimdhuru mtoto wa ndugu yake, wapo watakaosema upesi, "Uongo, kwetu hayapo hayo." Nimeona namna ya kuutambua uongo wa ngao: muulize msemaji kwa nini. Anayekosoa mirathi atakueleza mahakama. Anayemtafuta mjomba atakueleza ukoo. Mwenye ngao hana la kueleza, atakwambia ubadilishe stesheni.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kelele za kibandani zina mpangilio: kuna kosa la mambo, kosa la sababu na kosa la watu. Tumeona pia kwamba watazamaji husamehe miujiza iliyoandaliwa na hawasamehi sadfa ya kivivu. Kwa waandishi wetu somo ni la vitendo. Mbinu ya michezo ya mfululizo iliyobuniwa na Miguel Sabido huko Mexico, ambayo Twende na Wakati iliifuata, hudai utafiti miongoni mwa wasikilizaji kabla ya kuandika. Hakuna sababu kazi hiyo iachiwe michezo ya afya peke yake. Mwandishi anayetaka kumweka mhusika wake Ruangwa na apande basi, akae benchi siku tatu, aulize korosho huuzwaje na msiba huendeshwaje.

Kwetu wanafunzi, nashauri tuache kumwita mtazamaji huyu "hadhira" kana kwamba ni gunia la kutiwa dhamira. Tukienda likizo tukae naye, tuyaandike anayoyasema, kisha tumuulize lile swali dogo, "kwa nini?" Majibu yake yatakuwa na mengi ya kutufundisha kuhusu uhalisia, na baadhi yake huenda yakawa magumu kuyajibu hata kwa sisi tuliokwisha kufaulu mtihani wa fani na maudhui.